Digrii Si Mwendo: Acheni Kuuziwa Kamshafti kwa Namba ya Kwenye Boksi

Leo sitaandika kuhusu programu wala simu. Leo nataka kugombana. Nagombana na imani moja iliyoenea miongoni mwa vijana wenye magari hapa Nairobi na kwingineko: kwamba kamshafti yenye digrii nyingi zaidi ndiyo yenye mwendo zaidi, na kwamba gari likitetemeka kama lina malaria wakati limesimama, basi hilo ni gari kali. Nasema wazi kwamba kwa gari la barabarani imani hiyo ni uongo, tena uongo wa gharama. Watu wanatoa akiba ya miezi kadhaa, wanafunguliwa injini iliyokuwa nzima, na wanarudishiwa gari ambalo ni zito zaidi pale wanapolitumia kila siku. Halafu wanaambiwa wafurahi kwa sababu linanguruma!

Najua kuna atakayesema, "Wewe ni mtu wa kompyuta, mambo ya injini yanakuhusu nini?" Yananihusu sana. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kupima. Mwenzangu akiniambia programu yake ina kasi kuliko ya jana, namuuliza: umeipima kwa mashine gani, kwa kazi gani, kwa watumiaji wangapi? Akiniletea namba moja bila maelezo, namrudisha akapime upya. Sasa nikiangalia biashara ya kamshafti naona kitu kilekile ambacho tungekikataa ofisini: namba moja, haijulikani imepimwaje, imeandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, na watu wazima wanailipia.

Kamshafti inafanya nini hasa

Kwa wale ambao hawajawahi kuona injini ikiwa wazi, kamshafti ni chuma kirefu chenye nundu. Kila nundu ikipita juu ya valvu inaisukuma ifunguke, na ikishapita springi inairudisha. Valvu za kuingiza zinaleta hewa na petroli, valvu za kutoa zinaondoa moshi. Krankshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja. Kwa hiyo kazi nzima ya silinda moja inachukua digrii 720 za krankshafti, na digrii zinazotajwa kwenye kamshafti ni hizo za krankshafti.

Umbo la nundu ndilo linaloamua mambo manne. La kwanza ni muda ambao valvu inakaa wazi, unaohesabiwa kwa digrii. La pili ni kimo, yaani valvu inafunguka milimita ngapi. La tatu ni pembe kati ya nundu ya kuingiza na nundu ya kutoa. La nne, ambalo karibu hakuna muuzaji anayelitaja, ni ukali wa mlima wa nundu: valvu inafunguka polepole au inarushwa haraka?

Tuzitafsiri digrii kuwa muda, lugha ambayo mtu wa kompyuta anaielewa. Injini ikizunguka mara 6000 kwa dakika, krankshafti inapita digrii 36,000 kila sekunde. Valvu inayokaa wazi digrii 240 inapata milisekunde 6.7 tu. Injini hiyohiyo ikizunguka mara 1000, valvu ileile inakaa wazi milisekunde 40. Unaona tatizo? Umbo ni moja, halibadiliki, lakini muda unabadilika mara sita. Kwenye mizunguko ya juu hewa haina nafasi ya kuingia, kwa hiyo inasaidia valvu ikichelewa kufunga, maana hewa ina uzito na ikishashika kasi inaendelea kujisukuma ndani hata pistoni ikiwa imeanza kupanda. Kwenye mizunguko ya chini hewa haina kasi hiyo. Pistoni ikipanda na valvu bado iko wazi, hewa uliyoivuta inarudishwa ilikotoka. Umeilipia petroli, ukaivuta, ukaitapika.

Huo ndio ubishi mzima wa kamshafti. Ukiongeza muda unahamisha nguvu kutoka chini kwenda juu. Hakuna nguvu ya bure iliyojificha ndani ya boksi.

Namba ya kwenye boksi haijakuambia kitu

Swali rahisi: digrii 280 zinaanza kuhesabiwa valvu ikiwa imefunguka kiasi gani? Wengi sijasikia wakiuliza. Marekani makampuni mengi hutangaza muda unaoanza kuhesabiwa nundu ikiwa imesukuma inchi 0.006 tu, yaani kama milimita 0.15. Hapo hewa haipiti ya maana. Ndiyo maana wana namba ya pili, ile ya inchi 0.050, yaani milimita 1.27. Wengine nje ya Marekani hupima kwa milimita 1. Kwa hiyo "280" ya huyu na "280" ya yule zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa.

Mfano halisi. Kampuni ya COMP Cams ya Marekani imeuza kwa miaka mingi kamshafti mbili za injini ndogo ya V8 ya Chevrolet. Moja ni Magnum 280H, ya muundo wa zamani. Ya pili ni XE274H, ya muundo wa baadaye. Kwenye tangazo, upande wa kuingiza, ya kwanza ni digrii 280 na ya pili ni digrii 274. Kijana wetu atachagua 280, si ndiyo? Kubwa ni kubwa! Lakini zikipimwa kwa inchi 0.050, zote mbili ni digrii 230. Sawasawa. Tena hiyo "ndogo" inafungua valvu juu zaidi kidogo.

Maana yake ni nini? Maana yake XE274H ina mlima mkali zaidi. Inafungua haraka na kufunga haraka. Inapitisha hewa kama mwenzake, lakini haipotezi digrii nyingi valvu ikiwa imefunguka kidogo tu, mahali ambapo hakuna faida bali hasara ya kompresheni. Kwa injini ya barabarani hiyo "ndogo" ina nafasi nzuri zaidi ya kubaki na nguvu za chini. Mlima mkali nao una gharama zake: springi zinafanya kazi ngumu, na mahali pa kusuguana panabeba mzigo zaidi. Lakini hiyo ndiyo mizani ya kuijadili. Namba ya kwenye boksi peke yake ilikuelekeza upande usio sahihi.

Nimepiga hesabu, tazameni wenyewe

Tuondoke kwa V8 za Marekani tuje kwa kitu ambacho mashabiki wa Toyota hapa wanakijua: 4A-GE ya valvu 16, injini ya cc 1587 iliyotoka mwaka 1983 na kupata sifa ndani ya AE86. Pistoni yake inatembea milimita 77. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na kompresheni ya 9.4, na kamshafti ya kiwandani ni digrii 240. Sokoni utakuta za digrii 264, 272, 288, hata 304.

Nimeandika programu fupi ya kukokotoa pistoni iko wapi valvu ya kuingiza inapofunga. Nimechukua kwamba kilele cha kufunguka kiko digrii 110 baada ya pistoni kufika juu, na pembe kati ya nundu ni digrii 110, sawa kwa kamshafti zote, ili ushindani uwe wa haki. "Kompresheni halisi" hapa ni ile inayobaki baada ya valvu kufunga, si ile ya kitabu. "Kipindi cha pamoja" ni digrii ambazo valvu za kuingiza na za kutoa zote ziko wazi.

Digrii 240: kipindi cha pamoja 20, kompresheni halisi 8.3.
Digrii 264: kipindi cha pamoja 44, kompresheni halisi 7.7.
Digrii 288: kipindi cha pamoja 68, kompresheni halisi 7.0.
Digrii 304: kipindi cha pamoja 84, kompresheni halisi 6.5.

Someni tena mstari wa tatu. Umenunua kamshafti ya 288, hujagusa kitu kingine, na kwenye mizunguko ya chini injini yako ya 9.4 inagandamiza kama 7. Hiyo ndiyo "performance" uliyouziwa? Na zile digrii 68 za pamoja, injini ikiwa inazunguka polepole, zinaruhusu moshi urudi kwenye njia ya hewa na petroli mbichi itoke nje kupitia ekzosti. Ile harufu ya petroli nyuma ya gari lako haikutokana na nguvu kuzidi. Ni pesa zako zinatoka.

Sasa kumbukeni tunaishi wapi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni takriban asilimia 18 chini ya lile la Mombasa. Injini isiyo na turbo imeshapoteza sehemu kubwa ya pumzi kabla hujaigusa, na ukipanda Limuru inapungua zaidi. Kwenye injini hiyo ambayo tayari inahema, unaongeza kamshafti inayorudisha hewa nje. Ushauri ulioandikwa na mtu anayeendesha usawa wa bahari, kwenye barabara tupu, unaunakili bila kuufikiria. Kwetu sisi watu wa programu, hiyo ni sawa na kunakili msimbo wa seva kubwa ukaubandika kwenye simu ya bei rahisi.

Gari linaishi wapi?

Jiulize swali moja kabla ya kutoa pesa: injini yangu inazunguka mara ngapi kwa dakika muda mwingi? Gari la kawaida la cc 1600 lenye gia tano likiwa kilomita 100 kwa saa linazunguka karibu mara 3000. Kwenye foleni ni chini ya 2000. Kupita lori mlimani, labda 4500. Huko ndiko gari linaishi. Mizunguko 7500 inatembelewa kwa sekunde chache, tena usiku, na mara nyingi kinyume cha sheria.

Nguvu kwa kilowati ni toku, yaani nguvu ya kuzungusha, mara mizunguko, gawanya kwa 9549. Tuseme injini yako ilikuwa na toku ya Nm 140 kwenye mizunguko 3000. Hiyo ni kilowati 44. Tuseme kamshafti kubwa imeishusha hadi Nm 115. Sasa una kilowati 36. Umepoteza kilowati 8, karibu farasi 11, mahali unapopita kila siku, ili upate farasi wa kuonyesha kwenye karatasi ya daino mahali usipopita. Na muuzaji atakuonyesha karatasi hiyo ikianzia mizunguko 5000! Muulize: chini ya hapo mmefuta kwa nini?

"Lakini sauti!"

Hapa ndipo ninapokasirika zaidi. Wapo wanaokiri kabisa kwamba hawataki mwendo, wanataka gari lilie. Sawa, gari ni lako. Lakini jua unanunua nini. Ile sauti ya kuchechemea gari likiwa limesimama inatokana na kipindi cha pamoja kirefu: silinda inachanganya moshi na hewa safi, mlipuko mmoja unawaka vizuri, unaofuata unakosea. Ni injini inayofanya kazi vibaya. Hiyo COMP Cams ina hata kamshafti zinazoitwa Thumpr, zilizotengenezwa makusudi kwa ajili ya mlio huo. Angalau wao wanasema wazi wanauza mlio.

Na wale wa Subaru wanaosema kamshafti ndiyo inayoleta ile sauti ya kubutubutu, poleni. Sauti ile inatoka kwenye mabomba ya ekzosti yenye urefu usiolingana kabla ya turbo. Subaru walipoleta WRX ya injini ya FA20 yenye mabomba yanayolingana, sauti ilipotea bila mtu kugusa nundu yoyote.

Kuna jambo zito kuliko sauti. Breki za gari lako zinasaidiwa na vakyumu inayotoka kwenye njia ya hewa ya injini. Kipindi cha pamoja kikizidi, vakyumu inapungua injini ikizunguka polepole. Ukitambaa kwenye foleni au ukiegesha, pedali ya breki inaweza kuwa ngumu kama jiwe. Pia kompyuta ya injini inayopima mzigo kwa vakyumu hiyo inadanganyika, inadhani umekanyaga mafuta, inamimina petroli. Fundi mzuri atairekebisha programu ya kompyuta hiyo. Wengine wanakurudishia funguo na kukwambia, "Itazoea." Injini haizoei, jamani.

Mtanijibu hivi

Mtasema: Honda wanaweka kamshafti kali kwenye magari ya barabarani. Kweli, na huo ni ushahidi wangu mimi. Mwaka 1989 Honda walitoa Integra yenye injini ya B16A, cc 1595, nguvu za farasi 160 kwenye mizunguko 7600. Walifanyaje? Hawakuweka kamshafti kubwa wakaomba dua. Waliweka nundu za aina mbili kwenye kamshafti moja. Nundu za upole zinafanya kazi chini, halafu injini ikishapanda, presha ya oili inasukuma pini, roka zinafungana, na nundu kubwa inachukua kazi. Wahandisi wale walikubali kwamba umbo moja haliwezi kutumikia mizunguko 1500 na 7600 kwa pamoja. Wewe na muuzaji wako mmegundua nini ambacho Honda hawakukijua?

Mtasema: Prius nayo inachelewesha valvu ya kuingiza kufunga, na haina shida. Ni kweli, tangu 1997. Lakini Toyota waliipa kompresheni ya kitabu iliyo juu ili kufidia, na mota ya umeme inabeba mzigo pale injini ilipo dhaifu. Wewe una mota ya umeme?

Mtasema: magari ya mashindano yanatumia 304. Naam! Gari la mashindano lina kompresheni ya juu, difu fupi, na dereva ambaye haruhusu mizunguko ishuke. Kama unajenga hilo, jenga lote. Kamshafti ndiyo ya mwisho kwenye orodha hiyo, siyo ya kwanza.

Ninachodai

Kwanza, kabla ya kununua chochote, pima kompresheni ya kila silinda, rekebisha nafasi za valvu, hakikisha mkanda wa kamshafti uko kwenye alama zake. Injini nyingi zinazoitwa dhaifu zimechoka tu.

Pili, mwulize muuzaji namba nne: muda kwa milimita 1 au inchi 0.050, kimo kwa milimita, pembe kati ya nundu, na grafu ya toku inayoanzia mizunguko 2000. Asipokuwa nazo, shika pesa zako.

Tatu, kwa injini ya cc 1600 ya barabarani, usiruke mbali na ya kiwandani. Kwa 4A-GE, 264 yenye mlima mzuri ni ya kufikiriwa. Ukitaka zaidi ya hapo, pandisha kompresheni kwanza. Hewa nyepesi ya Nairobi inakuruhusu kuipandisha kuliko mtu wa pwani, ila usiteremke Mombasa na petroli ileile ukashangaa injini inagonga.

Nne, fundi apime nafasi kati ya valvu na pistoni kwa plastisini kabla injini haijawashwa. Kamshafti kubwa inaileta valvu karibu na pistoni, na vyuma hivyo vikikutana hata mara moja, hesabu zote nilizoandika hapa hazitakusaidia.

Kwa wauzaji na mafundi mnaosema nimewaharibia biashara: chukueni gari moja, lipimeni daino likiwa na kamshafti ya kiwandani, kisha likiwa na yenu, siku moja, hapa hapa Nairobi, kuanzia mizunguko 2000. Ikiwa yenu iko juu kutoka 2000 hadi 4500, nitaichapa grafu hiyo hapa na kuisifu kwa jina lenu. Hadi siku hiyo, msinitajie digrii.